Kopo Moja, Wanawake Tisa

Mwanamke wa kwanza niliyemuuzia kopo la vidonge vya soya alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, huku anajipepea kwa kifuniko cha sufuria aliyokuwa ametoka kuinunua sokoni. Ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Moshi anajua mwezi huo ulivyo: mlima umejifunika wiki nzima, na kila mtu anatafuta ukuta wenye jua auegemee. Yeye jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Nilimtazama mara moja nikajua ana nini kabla hajafungua mdomo. Wanangu mnaoanza kusimama nyuma ya kaunta za dawa, ninajisifu mapema ili mnizoee: nilijua, na kwa mji huu wa wakati ule hatukuwa wengi tuliojua.

Jina langu Zuhura. Baba alikuwa Mmanyema, mama Mpare, nimezaliwa na kukulia Njoro, na miaka ishirini na minne nimeuza dawa katika duka moja tu karibu na soko, duka la Mzee Aloyce. Mzee huyo alikuwa mtoa dawa wa hospitali ya serikali mpaka alipostaafu, akafungua duka lake mara tu masharti ya biashara yalipolegezwa. Mjukuu wangu Rahma, anayesomea kazi hii hii, ndiye aliyeniomba niandike. Alitaka niandike kwa mpangilio, mwaka baada ya mwaka. Nikamwambia akitaka mpangilio atundike kalenda.

Nilipoanza kazi, rafu zetu zilikuwa na nafasi ya kutosha paka kulala, na alilala. Tulikuwa na klorokwini, aspirini, dawa ya minyoo, dawa ya macho ikipatikana, na dawa ya kikohozi ambayo mteja alikuja na chupa yake mwenyewe. Homa yoyote ilikuwa malaria. Mtu akisema anasikia joto, klorokwini. Akisema analala analowa jasho, klorokwini. Akisema moyo unamwenda mbio bila sababu, tulimuuliza kama ameshameza klorokwini. Hapo ndipo lilipo kosa langu la kwanza, na nalitaja bila aibu kwa kuwa mji mzima tulilifanya pamoja.

Yule mwanamke wa sweta mbili anaitwa Mama Anjela, wa Kilema, juu mlimani, na, nikiri, nilikuwa namfahamu tangu siku hizo za klorokwini. Alikuwa na kiploti cha mpunga Chekereni, na kila aliposhuka kuvuna alipitia kwetu. Alinieleza kwamba mbu wa Chekereni wamemwachia homa isiyokwisha: inapanda ghafla kifuani, inamfika usoni, anatota, halafu baada ya dakika chache inaondoka na kumwacha anatetemeka. Nikamuuzia. Akarudi, nikamuuzia tena. Mara ya tatu alikuja anajikuna mikono yote miwili, maana klorokwini ilikuwa inawawasha watu wengi, na homa yake iko palepale. Mzee Aloyce alikuwa anasoma gazeti nyuma ya rafu. Mama yule alipotoka akaniuliza, bila kuinua macho, ni malaria gani hiyo inayokuja dakika tano na kuondoka, na kama nimemuuliza mara ya mwisho kwenda mwezini ni lini.

Nilimjibu kwamba hayo si mambo ya kumuuliza mtu kwenye kaunta, mbele ya foleni ya wanaume wanaonunua nyembe.

"Basi usimuulize kwenye kaunta," akasema. "Mtafutie pa kukaa."

Ndiyo asili ya benchi langu. Nilikuta benchi bovu uani, nikalipigilia mguu, nikaliweka nyuma ya rafu ya mwisho na kutundika kanga kuukuu iwe pazia. Pembeni niliweka kigoda na chupa ya chai. Mwanamke akija na maelezo ya kuzungukazunguka, mara mgongo, mara usingizi, mara mwili tu hauko sawa, nilimwambia apite ndani apumzike. Ile chai ilinisaidia kuliko kipimo chochote. Ukimpa mama wa miaka hamsini kikombe cha chai ya moto, na kabla hajakimaliza akaanza kuvua kitenge cha mabegani na kutafuta cha kujipepea, maswali yanakuwa yamebaki machache.

Na nyuma ya kanga ile walisema. Wanawake wa mlimani hawakuwa na mazoea ya kulitaja jambo hili, wala sisi wa mjini hatukuwa bora. Mama yangu mzazi alilipitia tukiwa nyumba moja, nikadhani amekuwa mkali tu kwa sababu ya umri. Mama Anjela alipokaa pale mara ya kwanza na kunisikia namwambia kwamba mwanamke akikoma hedhi mwili huweza kuwa na joto la ghafla namna hiyo, na kwamba mbu hawahusiki, alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa amemeza klorokwini misimu miwili ya mavuno.

Makopo ya virutubisho yalikuja baadaye, ruksa ya kuingiza bidhaa ilipopamba moto. Mji ulijaa vitu kwa ghafla: mitumba, redio, sabuni za kila rangi, na mizigo iliyotoka mpakani kupitia Himo ambayo hakuna aliyejua imetengenezwa wapi. Kwenye mizigo hiyo kulikuwa na vidonge vya soya, vidonge vya kalsiamu, mafuta ya samaki, mafuta ya mbegu za maua ya huko ng'ambo, na unga wa kijani wenye harufu ya banda la ng'ombe. Wauzaji wake walikuja wamefunga tai. Mmoja aliniwekea kaunta nzima picha ya mwanamke wa Kizungu anakimbia ufukweni, akaanza kunihesabia magonjwa yanayotibiwa na kopo lake. Alipofika ugonjwa wa kumi na tisa, ambao ulikuwa upara, Mzee Aloyce alivua kofia yake taratibu na kuiweka juu ya ile picha. Yule wa tai alifunga mkoba wake mwenyewe.

Mzee alinifundisha kusoma kopo kuanzia nyuma. Alisema mbele ameandika mtu anayetaka kuuza, na nyuma ameandika mtu anayeogopa kushtakiwa, kwa hiyo huyo wa nyuma ndiye wa kumsikiliza. Nyuma ndiko unakokuta kiasi cha kumeza, tarehe ya kuisha, na nani asiitumie kabisa. Kopo lisilo na maandishi ya nyuma, au lenye maandishi ambayo hakuna hata mtu mmoja mjini anayeweza kuyasoma, halikupata nafasi kwenye rafu zetu hata kama faida yake ilikuwa kubwa. Paka aliendelea kupata pa kulala.

Ninachojua kuhusu vidonge vya soya nimekijua kwa kuwauliza waliorudi. Wapo waliopunguziwa joto kidogo. Wapo ambao hawakuona tofauti yoyote. Na wapo waliopata nafuu kwa kuwa joto lenyewe lilikuwa limefika wakati wake wa kuondoka. Kwa hiyo sikumwahidi mtu kupona. Nilimwambia ajaribu kitu kimoja, si vitatu kwa mpigo, maana akimeza vitatu akapata nafuu hatajua amshukuru nani. Akae nacho miezi miwili au mitatu, na kisiposaidia aache, hela hiyo akanunue nyama. Kalsiamu nilieleza kwamba ni ya mifupa, na joto haina habari nalo. Aliyeniambia anakunywa maziwa ya mgando kila siku na anatafuna dagaa na vichwa vyake, huyo sikumuuzia kalsiamu hata alipobembeleza. Nilifundisha pia kuvaa nguo nyepesi kadhaa badala ya sweta moja nzito, ili mtu apunguze moja moja. Na mbege, pombe ya ndizi, sikuificha: niliwaambia kibuyu cha jioni ndicho kinachowaamsha wametota. Hapo nilipata maadui. Mama mmoja wa Kiboriloni aliniambia kidonge anaweza kuacha, lakini mbege aiache ili iweje.

Basi turudi kwa Mama Anjela na sweta zake mbili. Nilimkalisha kwenye benchi nikamuuliza maswali yote kama nilivyofundishwa: umri, siku zilikatika lini, baada ya hapo ameona damu tena au hapana, anatumia dawa gani nyingine, amewahi kuwa na uvimbe popote. Majibu yote yalikuwa mazuri. Nikampa kopo la vidonge sitini, kimoja asubuhi na kimoja jioni, la mwezi mzima.

Baada ya siku nane akarudi kununua jingine.

Nilishtuka, nikadhani anavitafuna kama karanga. Nilipomuuliza anameza vingapi, yeye ndiye aliyenishangaa.

"Bi Zuhura, nitakulaje peke yangu na wenzangu wananitazama?"

Kumbe Alhamisi, baada ya sala ya jumuiya yao ya kanisa iliyofanyika nyumbani kwake, alimwaga kopo lote kwenye ungo, akagawa mafungu tisa kwa wanawake tisa wenye umri wa kufanana, vilevile wanavyogawa nyama ya mbuzi kule kwao. Mkubwa alianza kuchagua fungu, wakafuata wengine mpaka mdogo. Kila mmoja alipata vidonge sita, na sita vilivyobaki wakamwachia mwenye nyumba kwa kuwa ndiye aliyevileta. Kwake yeye hilo halikuwa jambo la kueleza. Kitu kizuri kimeingia kwenye kihamba, shamba lake la nyumbani, kimegawanywa na majirani, kimekwisha, sasa anatafuta kingine.

Mimi ni mtoto wa mjini. Kichaga changu ni cha kununulia ndizi. Nililiona jambo hilo ni la kuchekesha, nikacheka, nikamsimulia kila aliyeingia dukani wiki ile, na Mama Anjela nikamuuzia makopo mawili badala ya moja. Hilo ndilo kosa langu la pili, na hili sikulifanya na mji mzima. Nililifanya peke yangu, tena nikiwa na furaha, kwa sababu niliona benchi langu limefika mpaka Kilema.

Miezi kama mitano ikapita, Mama Anjela akija na kuondoka na makopo yake. Kisha siku moja alikuja na mkungu wa ndizi wa zawadi. Alikaa kwenye benchi, akanywa chai, akaanza kusifu dawa. Alisema kwake yeye joto limepungua, lakini hilo si kitu ukilinganisha na wifi yake Felisia, mwenye miaka hamsini na minane, ambaye vidonge vimemrudishia usichana. Nikamuuliza kivipi.

"Ameanza kuona siku zake tena," akasema. "Huu mwezi wa tatu. Na zilikuwa zimekatika zamani, kabla Anjela wangu hajapata kipaimara."

Alisema hivyo kwa kunishukuru. Ule mkungu wa ndizi ulitoka kwa Felisia. Niliweka kikombe changu chini nikasimama, nikamwacha na chai yake.

Wanangu, mengine yote niliyoandika mnaweza kuyasahau, hili msilisahau. Mwanamke aliyekwisha kaa mwaka mzima bila kuona siku zake, halafu akaona damu tena, hata tone, hata kama hasikii maumivu yoyote, huo si usichana. Ni wa kupelekwa hospitali akapimwe, na si wa kusubiri kopo liishe. Mara nyingi hukutwa jambo dogo. Mara nyingine hukutwa saratani ya kizazi, na hapo kila mwezi una thamani. Mimi nililijua hilo vizuri. Lilikuwa swali la tatu kwenye benchi langu. Nilimuuliza Mama Anjela, akajibu hapana, na ilikuwa kweli kwake. Felisia hakuna aliyemuuliza.

Nilimweleza Mzee Aloyce yote, pamoja na kicheko changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja gazeti.

"Kwa hiyo umeuza dawa kwa watu tisa," akasema, "ukamuuliza mmoja."

Ningefurahi kama angenigombeza, kwa sababu mtu akikugombeza unapata nafasi ya kujitetea. Aliniambia tu kesho nisije dukani, niende Kilema.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilipata pikapu iliyokuwa inarudi tupu kufuata ndizi, tukapita Himo, tukaanza kupanda. Mama Anjela, niliyekuwa nimemtumia salamu jioni yake, alikuwa ananingoja barabarani, karibu na misheni, bado hajaelewa vizuri kwa nini jana nilimwacha na chai yake nikasimama. Njiani nilimweleza. Alianza kutembea haraka mpaka nikawa namkimbilia.

Felisia tulimkuta anakata majani ya migomba ya kumpa ng'ombe wake. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye nguvu, anakata na kufunga mzigo bila kupumzika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanisalimia na kwa kwao, shimboni, halafu akanishika mikono yote miwili kwa kuwa mimi ndiye Bi Zuhura wa vidonge. Alinishukuru tena kwa mdomo wake. Alisema alizaa mara moja tu, binti, na binti huyo ameolewa Dar es Salaam. Alisema yeye si mpumbavu wa kutegemea mtoto katika umri ule, lakini damu iliporudi aliona kwamba Mungu amemkumbuka, na tangu siku hiyo anaamka na moyo mwepesi. Niliumia sana kumsikiliza. Nilikuwa nimepanda mlima kuja kumnyang'anya kitu hicho.

Nilimwambia polepole, tumekaa kwenye majani aliyoyakata. Alipoelewa aliondoa mikono yake kwenye yangu. Akasema haendi. Dada yake alikwenda hospitali kupasuliwa, akarudi kwenye sanduku. Na yeye je, namwona ana ugonjwa? Kweli hakuonekana mgonjwa. Kati yetu watatu, mimi ndiye niliyekuwa nahema. Nikamwambia kosa ni langu, si lake wala si la Mama Anjela.

"Wewe ulimuuzia wifi yangu," akasema. "Mimi hukuniuzia kitu."

"Ndiyo sababu nimekuja, mama. Ningekuuzia wewe, ningekuuliza."

Alirudi kwenye majani yake akaendelea kukata, nasi tukakaa tukimtazama. Sijawahi kujiona bure kama siku ile.

Mchana jumuiya wakakusanyika kwa Mama Anjela. Mimi Mwislamu nilikaa kibarazani na mtandio wangu mpaka wakamaliza rozari. Felisia alikuja, akakaa karibu na mlango, hakunitazama. Sala ilipokwisha Mama Anjela alitoa ungo, akauweka katikati, na kopo jipya alilokuwa amenunua wiki iliyopita akaliweka juu yake bila kulifungua. Akawaambia Bi Zuhura ana neno.

Niliwaambia sijaja na neno, nimekuja na maswali ambayo nilipaswa kuwauliza miezi mitano iliyopita. Nikaomba mahali pa kukaa na mmoja mmoja. Walinipa banda la ng'ombe, nikatundika kitenge mlangoni, na hilo likawa benchi langu siku ile. Waliingia kwa zamu na ng'ombe akasikia yote. Wawili walikuwa wanatumia dawa za presha. Mmoja alishawahi kutolewa uvimbe kwenye ziwa, na huyo nilimwambia asiguse tena vidonge vile mpaka daktari aseme. Mmoja, mdogo wao, alikuwa bado anakwenda mwezini kila mwezi bila tatizo lolote. Nilipomuuliza kwa nini basi alikuwa anameza, aliniambia huwezi kukataa fungu ulilogawiwa. Felisia aliingia wa mwisho. Alijibu kila swali kwa ukweli, na alipomaliza akasema tena haendi, huko ataonekana na watu, na mtaa mzima utajua Felisia ameoza kizazi.

Nilitoka nje nikawaambia wote, bila kutaja mtu, kwamba aliyeona damu lazima apimwe. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Wote waliangalia chini. Ndipo yule mkubwa wao, bibi aliyekuwa wa kwanza kuchagua fungu siku zote, akasogeza kopo pembeni ya ungo kwa kidole.

"Tulikula wote," akasema. "Tutapimwa wote."

Akauliza nani ana udhuru Jumatatu. Hakuna aliyekuwa nao. Felisia alijifunika uso kwa kanga, na Mama Anjela akahama alipokuwa amekaa akaenda kukaa naye mlangoni.

Jumatatu tulijaza benchi la hospitali ya misheni, wao tisa na mimi wa kumi. Nesi alitoka na daftari akauliza mgonjwa ni nani. Bibi akamjibu kwamba ni wao. Nesi akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa na sura ya mtu wa ofisini, nikamwambia aandike majina tisa. Felisia walimweka katikati, wa tano, ili mpita njia asiweze kujua nani amemsindikiza nani. Waliingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja, na kila aliyetoka alikaa tena akangoja mpaka wa tisa. Wawili wa presha walikaripiwa kwa kuruka dawa zao. Wote wanane waliambiwa warudi nyumbani. Felisia aliandikiwa karatasi ya kwenda hospitali ya rufaa mjini.

Sitarefusha yale majuma ya kungoja. Nilipoteza usingizi na hamu ya kula, na dukani nilikuwa naweka dawa rafu isiyo yake. Majibu yalipokuja yalisema saratani imeanza, lakini bado imo ndani ya kizazi, haijatoka. Wakamtoa kizazi. Kwa siku zote alizolala wodini, wanawake wa Kilema walishuka kwa zamu na mtori, supu ya ndizi na nyama, kwenye chupa, na mimi nilipita kila jioni nikitoka kazini. Daktari nilimuuliza kwa mdomo wangu kama ni vidonge vyangu. Alisema hadhani, kwa kuwa ugonjwa kama ule yawezekana ulikuwapo kabla. Lakini akasema pia kwamba ile miezi mitatu tuliyoisifu tuliupa ugonjwa bure, na kwamba tungekaa mitatu mingine asingekuwa na la kufanya. Nilipokea yote mawili, na yote mawili ninayo hadi leo.

Felisia alipona. Alirudi kwenye migomba yake na ng'ombe wake, na baada ya miaka aliwekwa kwenye orodha ya wanaokuja kupimwa mara moja kwa mwaka tu. Binti yake alimletea mjukuu amlee. Kila nilipomwona anashuka sokoni na mzigo kichwani nilijisikia mrefu.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwenye benchi halikuwa tena umri wala joto. Lilikuwa hili: mko wangapi? Mwanamke akitaka virutubisho, kabla sijagusa kopo, nataka kujua nani mwingine atameza, na huyo naye aje akae hapa, au mimi nimfuate. Nilipoteza wateja waliokuwa na haraka. Watu wa sokoni walilifanya ndilo jina langu; nikipita kununua nyanya wananiuliza Bi Zuhura mko wangapi, na mimi nawajibu wanitajie bei ya nyanya. Lakini niliwapata kwa swali hilo mama wawili wengine wenye damu, mmoja wa Himo na mmoja wa Majengo, na wote wawili hawakuja dukani wao wenyewe, walikuwa wa kugawiwa na mteja aliyesimama mbele yangu. Mzee Aloyce, Mungu amrehemu, hakunisifu hata siku moja katika maisha yake. Ila aliyaandika maneno yale mawili kwenye kadibodi kwa mkono wake uliokuwa umeanza kutetemeka, akayabandika juu ya kaunta, na yalikaa pale mpaka nilipostaafu. Siku hiyo niliyabandua nikaenda nayo nyumbani.

Wiki niliyostaafu Mama Anjela alinitumia salamu nipande Kilema Alhamisi, bila kueleza kuna nini. Nilipofika nilikuta wamechinja mbuzi, na pembeni ya mashina ya migomba amekaa mzee mwenye kofia ya kitambaa, anaosha kisu. Alikuwa Mwislamu mwenzangu kutoka Himo. Walikuwa wamemfuata asubuhi na mapema aje achinje yeye, ili nisije nikashindwa kula.

Felisia ndiye aliyekuwa anagawa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ule ungo, anakata na kupanga, anahamisha kipande hapa anakiweka pale mpaka yalingane. Mimi nilisimama nyuma yake, na kwa mazoea tu ya mdomo wangu nikauliza, "Mko wangapi?"

"Kumi," akajibu bila kuinua macho. "Sogea, Bi Zuhura, zamu yako isikupite."

Nikahesabu mafungu. Yalikuwa kumi kweli. Yule bibi mkubwa, ambaye sasa alikuwa anatembelea fimbo, alichukua lake kwanza, akafuata Felisia, halafu wakaninyooshea ungo mimi.